Wachumba Wangu wa Uhandisi

Babu, mume wangu,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa kujivuta, halafu uulize mbona mkeo anaandika badala ya kuja mwenyewe. Nisikilize kwanza.

Unakumbuka ule msimu niliokuwa natafuta chuo cha uhandisi nje ya nchi? Ulikuwa umetoka Ushetu kuja kwetu Nyasubi kutibiwa macho, ukakuta nyumba nzima haina habari nyingine. Nilitaka kusomea madini kwa sababu ya duara la baba, shimo lake la dhahabu kule Geita. Mvua ikinyesha shimo linajaa maji, wanaume wazima wanakaa juu wakitazama pampu mbovu. Matokeo ya ile mitihani ya kimataifa yalikuwa yametoka. Hesabu nilipata alama za juu kabisa. Kiingereza ndicho kilichoniangusha, maana nyumbani ni Kisukuma, shuleni Kiswahili, na hicho cha tatu kilikuja kichwa kimeshajaa.

Mama alikosa raha, wewe ukafurahi. Ulisema mkeo amepata wachumba, na hakuna atakayepita bila kuonwa na mwenye mke. Ukawa unakaa barazani na fimbo yako, mimi nakusomea vyuo kwenye simu, wewe unauliza huyu ukoo gani, na kama anafuga.

Wa kwanza alikuwa wa Uingereza. Mama alimpenda kwa sababu jina lake majirani wote wanalijua. Alinikubali kwa sharti: nikae mwaka mzima nikifundishwa Kiingereza kwa gharama yetu, ndipo waone kama nafaa.

"Yaani ukakae kwake mwaka ufundishwe kupika," ulisema, "chakula tununue sisi, halafu ndiyo aamue kama anaoa?"

Mama alinuna, kisha akacheka mpaka wali ukaungua. Mimi sikucheka sana siku ile. Hela ya huo mwaka hatukuwa nayo, na vyuo vingine vyote vilikuwa vimeshanikataa vikiangalia Kiingereza tu. Kilibaki kimoja, chuo kidogo cha Kanada, kwenye mji wa migodi, ambacho hata jina lake lilimshinda mama kulitamka. Hicho kilisema kinataka kuongea na mimi kwanza. Kikikataa nacho, safari ingekuwa imeishia Nyasubi.

Siku ya usaili niliegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikakuomba ukae chumbani. Ulikubali vizuri tu. Mhadhiri, mama mmoja wa nywele nyeupe, hakuzunguka: akaniuliza mbona Kiingereza kiko chini hivyo wakati hesabu ziko juu. Hapo ndipo kofia yako ilipoingia kwenye picha.

"Anasemaje huyu?" uliuliza kwa Kisukuma.

Nikakwambia.

"Muulize yeye Kisukuma alipata ngapi."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mzee haachwi akisubiri jibu, basi nikatafsiri. Yule mama akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta macho, akasema amepata sifuri.

"Basi mko sawa," ulisema. "Sasa tuongee ng'ombe."

Na mkaongea ng'ombe, Babu. Ukamfundisha kusema shikamoo, ukamtajia mahari ya mhandisi, ukamweleza tumbaku yako, duara la baba, yale maji na ile pampu. Mimi nikiwa katikati, napeleka huku narudisha kule, kwa Kiingereza kilekile kilichoniangusha. Nilisahau hata kuogopa. Tulipokata simu ukasema, "Huyu ukimtania anacheka. Nenda kwa huyu."

Barua ya kunipokea ilikuja na ufadhili, na chini yake yule mama aliongeza kwamba chuo hakifugi, kwa hiyo kinaomba muda kuhusu ng'ombe. Ulitamba na habari hiyo Ushetu nzima. Wabeja, Babu. Sijui kama niliwahi kukushukuru bila kukutania.

Halafu ukaondoka. Ilikuwa mwaka wangu wa pili, katikati ya baridi na mitihani, na nauli ya kuja kuzika sikuwa nayo. Unajua kwetu mjukuu ndiye mtani wa msiba. Binamu yangu Masanja alivaa koti lako na kofia yako, akatembea mwendo wako, akawa anawauliza waombolezaji kama wanafuga. Nimeona kwenye video watu wanalia huku wanacheka. Mama akaniambia nafasi ya mke wa utani iliachwa wazi, hakuna mjukuu aliyethubutu kuikalia. Niliumia sana. Mke gani asiyemzika mumewe?

Nilimwambia yule mhadhiri kwa nini sikuingia darasani. Kesho yake alibisha hodi mlangoni kwangu, mkononi ana ng'ombe wa plastiki mwenye mabaka, kamnunua duka la vitu vya watoto. Akanipa shikamoo, ile uliyomfundisha wewe, mimi niliye mdogo kuliko mwanawe. Akasema amekuja kulipa. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi, nikalia hapohapo, naye akakaa pembeni yangu. Huo ndio ulikuwa msiba wangu, Babu, na ulikuwa mzuri.

Sasa huyo ng'ombe yuko mezani, ananitazama nikipiga hesabu za pampu. Za kwangu hazitakuwa mbovu. Likizo hii nakuja naye Ushetu nimfunge kamba pale kaburini. Kofia yako Masanja amenitunzia, nitaivaa, nikae kwenye nafasi yangu nikutanie mpaka uchoke. Na usianze kulalamika kwamba hana maziwa. Wewe ndiye uliyesema niende kwa huyu.

Chuo kimelipa, Babu. Ila wakikuuliza huko uliko, waambie mke bado ni wako.

Mkeo, mjukuu wako,
Kabula