Coletha Wetu na Mabawa Yaliyochovywa Nta

Mwaka umetimia, Coletha, tangu tarehe 26 Oktoba ulipofumba macho ukiwa na miaka ishirini na mbili. Hapa nyumbani Maisaka meza yako bado iko dirishani. Mkasi wako umetundikwa kwenye msumari na baba yako hajamruhusu mtu aukatie hata uzi.

Tunakukumbuka ulivyokuwa. Ulikuwa mtu wa kuimba tangu unapoamka, na wimbo wenyewe hukuujua hata nusu. Karatasi ya manila ikibaki kipande cha kiganja hukukitupa, ulikikunja ukatoa kipepeo, ukampa mtoto wa jirani aliyekuwa analia. Yule bibi harusi wa Nakwa aliyekosa maua, ulikaa siku mbili ukamtengenezea ya karatasi. Mashangazi zake wakayainamia kuyanusa. Ulicheka wiki nzima, na ukatukataza tusiwaambie.

Kazi ya kwanza uliyofanya na mimi mama yako ilikuwa mashada ya makaburini. Kila mwaka kabla ya Siku ya Marehemu Wote tulikata maua ya karatasi, tukayafunga kwenye waya, kisha tukayeyusha mishumaa kwenye sufuria kuukuu na kuyachovya. Novemba mvua hainaga huruma, na ua lisilo na nta linakuwa uji siku ya kwanza. Ya kwetu yalikaa mpaka Krismasi. Nta nilikufundisha mimi. Nimeliandika hili mapema ili atakayesoma asije akadhani namtafutia mtu mwingine lawama zote. Za kwangu nimezibeba.

Halafu akaja Sylvesta, mwenye ukumbi kule Bagara. Nakumbuka siku hiyo alivaa miwani ya jua na mawingu yametanda.

"Shikamoo, Mama Coletha."

"Marahaba. Karibu."

"Nimemfuata fundi. Nataka popo, buibui, mafuvu, na kofia za wachawi. Tunafanya Halowini."

"Hiyo ni nini?"

"Sherehe, mama. Watu wanavaa kama mizimu, wanatishana, wanacheka. Dunia nzima wanafanya. Sisi tu Babati ndiyo tumelala."

Nilimwangalia. Mtu ambaye hajawahi hata kung'oa majani kwenye kaburi la baba yake mzazi, anataka mafuvu ya karatasi ya kuning'iniza juu ya bia. Nilimwambia hivyo hivyo, usoni. Akacheka, akasema wazee tuna maneno. Na wewe ukacheka, ukanishika bega: "Mama, karatasi haina dini. Ukiikata vizuri inakuwa chochote."

Ukazikata vizuri, mwanangu, hilo siwezi kulikana hata kama nazichukia. Ulikunja manila nyeusi katikati, ukakata upande mmoja, ukifungua popo ana mabawa mawili sawasawa. Miguu ya buibui uliizungushia karatasi juu ya waya. Trei za mayai ukazigeuza pua za wachawi, baba yako akavaa moja akaenda nayo dukani. Mimi niligoma kucheka, lakini nilikuwa nacheka jikoni.

Kisha ukatengeneza yale mabawa makubwa ya kuvaa, karatasi nyembamba nyeusi, tabaka juu ya tabaka, toka mabegani mpaka kwenye vifundo. Ulipomaliza ukabandika sufuria ya nta, kama tulivyozoea. Kwetu sisi karatasi bila nta ni kazi ambayo haijaisha. Hukujiuliza, na mimi sikujiuliza. Nilipita mlangoni nikakuambia, "Chovya mara mbili, yang'ae." Kaburi halina moto, ndiyo maana hatukuwahi kuwaza. Karatasi yenye nta ni utambi wa mshumaa. Kila mtu anajua mshumaa unavyowaka. Sisi tulioshika mishumaa kila mwaka tulilijua hilo kuliko wote, na bado tukakuvalisha mmoja.

Tarehe 24 alasiri mlikwenda ukumbini na rafiki yako Valeria kuning'iniza mapambo. Sylvesta akataka kupiga video ya tangazo. Akafunga mapazia giza liingie. Alikuwa amenunua maboga sokoni, chakula kizima cha watu, akayatoboa macho na meno, akaweka mishumaa ndani na kuyapanga sakafuni. Akakuambia uvae mabawa upite katikati.

Valeria ndiye aliyetusimulia. Anasema ulisita, ukauliza, "Kaka, haya maboga si ungeyasogeza kidogo?" Akasema, "Hapana, hapo ndipo panapopendeza. Zunguka. Zunguka tena. Shusha bawa, lifagie chini kabisa."

Ukalishusha.

Valeria alipiga kelele. Yule bwana aliendelea kushika simu. Baadaye alipokuja msibani akatuambia, mbele ya wazee, kwamba alidhani ni madoido. Madoido! Binti wa watu anaungua, yeye anatafuta upande wenye mwanga mzuri. Ni Valeria, mwenye miaka kumi na tisa, aliyevuta pazia likang'oka pamoja na fimbo yake, akakufunika nalo. Mikono yake mpaka leo ina makovu. Ukumbi wote ule, kreti za bia zimefika darini, na ndoo moja ya maji haikuwepo.

Siku mbili hospitali ulikuwa unaongea kama mtu aliyechelewa kazi. "Mama, popo wadogo wako kwenye boksi chini ya kitanda. Mwambie Sylvesta nitampelekea." Nikakuambia nyamaza mwanangu, pumzika. Ulipopumzika kweli, tukiwa bado tumekaa kwenye mkeka na wageni hawajaisha, alimtuma mtu akachukue lile boksi. Eti lilikuwa oda yake. Na siku mbili baada ya kukuzika wakafanya sherehe yao. Popo wako wakining'inia, watu chini yao wanajipaka unga usoni wafanane na maiti. Walitaka kujua maiti anafananaje? Wangekuja Maisaka, tungewafundisha.

Wako na wengine ambao siwaheshimu zaidi ya hao. Wale wa kwenye jumuiya yetu, wanaokuja na vikombe vya uji na sumu kwenye ulimi. Mama Theodori alinivuta pembeni kabla hata kaburi halijakauka.

"Mama Coletha, pole. Lakini tuseme ukweli, mtoto aliyaita mapepo. Yakaja."

"Mama Theodori, mapepo yana kiberiti?"

"Usifanye mzaha na mambo ya giza."

"Giza lilikuwa la pazia. Kilichowaka ni nta. Rudi nyumbani."

Hajarudi kwetu tena, na hatujapungukiwa. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu maneno ya mapepo yanaua. Mzazi akishaamini ni shetani, anamnyunyizia mtoto maji ya baraka, anamfunga rozari shingoni, anamwacha aende na mabawa yake. Nta inabaki palepale.

Sasa, mwanangu, sikia kilichotufanya tuandike tangazo refu namna hii badala ya picha na mistari mitatu kama watu wengine.

Mwaka huu Sylvesta anafanya tena, tarehe 31. Amebandika matangazo kuanzia stendi mpaka Bagara. Picha aliyoweka ni yako, umevaa mabawa, unatabasamu. Hakutuomba. Na chini ameandika watoto wa shule waje na mavazi ya karatasi waliyotengeneza wenyewe, atakayependeza zaidi atapewa zawadi.

Baba yako hakula siku hiyo. Mimi nilikwenda mpaka ukumbini.

"Mama, usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Mwaka huu tumejipanga. Mishumaa tunaiweka juu ya meza."

"Weka taa za betri."

"Taa ya betri haina mvuto, mama. Watu wanataka ile hali."

Hali! Nilimwambia hali yenyewe mimi ndiye niliyeiosha na kuivalisha sanda. Akaangalia simu yake. Mtu mzima, ana watoto, anaangalia simu. Nimekwenda pia ofisini kwa wanaohusika, nikaambiwa niandike barua. Nimeandika. Tarehe haitusubiri.

Na hilo bado lilikuwa dogo. Wiki mbili zilizopita nilirudi kutoka shambani nikasikia harufu ya nta jikoni. Mdogo wako Jovita alikuwa amebandika ile sufuria yetu.

"Jovita, unafanya nini?"

"Haya mabawa si yangu, mama. Ni ya wenzangu wa darasani. Waliona picha ya dada. Wanataka yang'ae kama ya dada."

"Umewaonyesha?"

"Wanne tu."

Alifikiri anakuheshimu, Coletha. Alikuwa anajivunia mkono wako. Sikumpiga. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu, tukalia wote wawili, kisha nikamwambia kwa mara ya kwanza jinsi ulivyoungua. Tulikuwa tumemficha kwa sababu ana miaka kumi na tatu. Tulidhani tunamlinda. Ukimya wetu ndio uliobandika ile sufuria.

Kesho yake tulitoka naye nyumba kwa nyumba. Mama wa kwanza alitupa mabawa shimoni mbele yetu. Wa pili akanikumbatia. Wa tatu alisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Mama Coletha, uchungu ni wako, usituharibie watoto furaha." Nikamwomba maji ya kunywa. Alipoingia ndani nikayachukua mabawa ya mtoto wake yaliyoanikwa kwenye kamba nikaondoka nayo. Kama anataka kunishtaki, jina langu liko hapo chini.

Binti wa nne hatujampata. Alikuwa mgeni darasani, Jovita anamjua kwa jina la utani tu, na shuleni wanasema amehamia kwa shangazi yake Bagara, nyumba hawaijui. Na huyo naye, anasema Jovita, alisema atawafundisha wengine.

Kwa hiyo tunawaambia wazazi wote wa Babati. Chukueni vazi la mtoto, likwangueni kwa ukucha. Kikitoka kitu cheupe kinachoteleza, hiyo ni nta, lichaneni. Gundi ya viatu na rangi ya kupuliza navyo viogopeni. Anayetaka kucheza mizimu acheze, upuuzi haujaanza leo, lakini acheze mbali na moto. Mimi tarehe 31 nitakuwa mlangoni pa ukumbi ule tangu jioni, na Valeria, na ndoo nne za maji. Wataniita mwehu. Wameniita mengi.

Na wewe binti, uliye kwa shangazi yako Bagara. Hujakosa lolote, na mimi sikukasirikii. Usiyavae. Njoo Maisaka, ulizia kwa Mama Coletha, kila mtu atakuonyesha. Sherehe hiyo siipendi na mwenye nayo simpendi, lakini manila ninayo na mkono bado unafanya kazi. Nitakukatia mengine, makavu, mazuri kuliko hayo. Utakaa kwenye meza ya dirishani, na mkasi wa Coletha baba yake atautoa, nimeshamwomba.

Misa ya kukuombea, Coletha, itakuwa tarehe 26 saa moja asubuhi parokiani, kisha tutakwenda kaburini. Shada lako lipo tayari, na tumeliacha bila nta. Mvua ikilinyeshea tutatengeneza lingine.

Unakumbukwa na baba yako Alois Margwe, mama yako Kandida, mdogo wako Jovita, kaka yako Salvatory aliyeko Mbulu, bibi yako Consolata, na Valeria, ambaye sasa ni wa nyumba hii.

Hatuna siku ya kukusahau.