Kuchimba kwa Laptop ya Ciku

Jumanne, 2 Septemba 2025

Daftari jipya, kurasa mia moja, nimejinunulia. Nitaandika Kiswahili. Mke wangu, Mama Njau, anasoma Biblia ya Kikuyu bila miwani, lakini Kiswahili cha mkono wangu kinamletea usingizi kabla ya mstari wa pili. Hapa niko salama.

Jana mke wangu mdogo alipitia hapa. Yaani Ciku, mjukuu, binti ya Njau. Alipewa jina la shosho yake, yaani nyanya yake Mama Njau, kwa hiyo kwa desturi yetu ni mke wangu pia. Nikimwita hivyo mbele ya wageni anacheka, na mke mkubwa ananitafutia mwiko. Ameenda Machakos wiki mbili kwa mambo ya chuo. Laptop ameiacha hapa kwetu Kalimoni, kwa sababu hosteli yao ya Kahawa Sukari inavunjwa kama ghala lisilo na mwenyewe. Amenionyesha kuiwasha nitazame ndondi za zamani.

Akasema: Guka, ni ndondi tu. Usiguse kitu kingine. Projekti yangu yote iko humo ndani na sina kopi.

Nikamwuliza nitagusa na nini. Vidole ninavyo saba na nusu. Vile vingine nilivipatia machimbo ya mawe.

Ijumaa, 5 Septemba

Ruiru, kupeleka simu yangu. Dismas ndiye hunitengenezea, ana kibanda nyuma ya soko. Mikono yake ni midogo kama ya msichana na ulimi ni mrefu. Alikuwa anaongea na mteja habari ya kuchimba. Masikio yangu yakasimama. Miaka thelathini na nne nilichimba mawe Ndarugu, na hili neno sijalisikia likitajwa na heshima tangu nitoke.

Kumbe ni kuchimba pesa. Pesa za kwa kompyuta, zile hazishikiki. Dismas amenieleza hivi: kompyuta za dunia nzima zinapewa hesabu ngumu, na ile inayopata jibu kwanza ndiyo inalipwa. Nikauliza kama laptop ya nyumbani inaweza kuchimba.

Akasema: Inaweza, mzee. Kuchimba utachimba. Kutoa ndio hutatoa. Wenye wanatoa wana majumba yamejaa mashine mpaka darini.

Nikamwambia hata mimi siku ya kwanza Ndarugu msimamizi aliniangalia miguu akacheka, akasema huyu atabeba vumbi tu. Yeye alizikwa zamani. Mimi nimekunywa chai leo.

Dismas akasema: Basi usije kunililia. Lakini amekubali kuja Jumapili kuiweka laptop ichimbe. Dada yake, Emmaculate, ni jirani yetu hapa, tunatenganishwa na ua.

Hapa naweza kusema. Mgeni akija siku hizi, Mama Njau ananionyesha na kidole akisema: Huyu kazi yake ni kulinda kiti kisiibiwe. Wanacheka. Mimi nacheka kuwashinda. Halafu wakienda, naangalia kile kiti.

Jumapili, 7 Septemba

Mama Njau alibaki kanisani na mkutano wa akina mama. Dismas akaja, akaketi na laptop kama saa moja. Aliniuliza ni ya nani. Nikasema yangu. Neno lilitoka limevaa viatu kabisa.

Sasa inachimba. Kwa kioo kuna namba nyeupe zinapanda, zinapanda, hazimalizi. Feni ndani inavuma. Hiyo sauti! Ni ndogo lakini ni sauti ya mashine inayofanya kazi. Nimekaa kando yake mpaka chakula cha jioni, mgongo umenyooka. Mama Njau aliporudi akauliza ni nini inalia. Nikamwambia ni ndondi, raundi ya kumi.

Jumanne, 9 Septemba

Tokeni za stima, ule umeme wa kulipia mbele, zimekwisha siku tatu mapema. Mama Njau anasema mita imerogwa. Nilikubaliana naye haraka sana, mpaka akanitazama.

Nimempigia Dismas kuuliza nimechimba kiasi gani. Alicheka mpaka nikasikia ameweka simu chini. Akarudi akasema: Mzee, tangu Jumapili hujafikisha bei ya kiberiti. Nikauliza, sanduku? Akasema: Kijiti. Tena hata hicho kijiti hakitolewi mpaka kifike kiwango fulani, na kwa mwendo wa hii laptop ni miaka kumi na moja. Nina sabini na moja. Nikamwambia nitasubiri.

Hakucheka tena. Akasema: Zima hiyo kitu. Unachoma stima na unachoma mashine.

Sikuzima. Najiuliza kwa nini sikuzima, na jibu si la mtu mzima. Nikizima nitabaki na kiti.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi laptop ilikuwa moto, huwezi kuweka kiganja. Sasa, moto wa mashine mimi naujua. Msumeno wa mawe ukishika moto hakuna mtu anazima, siku itapotea. Unaongeza maji. Kuna mtu kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuangalia maji yasipungue juu ya msumeno. Mimi nilifanya hiyo kazi miaka miwili kabla ya kupewa msumeno wangu. Hakuna msumeno uliungua mkononi mwangu.

Nikachukua gunia la mkonge, nikalilowesha, nikalikamua, nikalikunja mara nne, nikaiweka laptop juu yake. Si juu yake maji, chini! Mimi si mjinga. Dakika kumi ikapoa. Nilijipongeza kwa sauti. Nikaenda kumkatia mbuzi majani.

Kurudi, kioo ni cheusi.

Nimebonyeza. Nimeacha. Nimebonyeza tena.

Nikaigeuza. Kwa tumbo ina vitundu, na maji yametoka huko yakatiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Sikujua kwamba inapumua kwa chini.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeianika juani kwa paa la banda la kuku. Mama Njau amekuja kuangalia mayai, akaiona, akauliza: Baba Njau, hiyo ya mtoto inafanya nini huko juu?

Nikasema: Stima iliipiga.

Sikuwa nimepanga. Lakini juzi stima ilipotea ikarudi mara mbili, kwa hiyo akaamini hata kabla sijafunga mdomo. Alisikitika sana. Alinishika bega. Sikumbuki mara ya mwisho alinishika bega.

Halafu akamwambia Emmaculate juu ya ua. Kufika saa sita stima ilikuwa imepiga plot nzima. Hata redio ya Emmaculate, ambayo imekuwa maiti tangu Pasaka, nayo imepigwa na stima hiyo hiyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeipeleka Ruiru kwa Dismas, kwa mfuko wa unga. Ameifungua. Akatoa na kibano unyuzi wa mkonge kutoka kwa feni, akauinua kwa mwangaza.

Akasema: Mzee. Gunia?

Nikamweleza ya msumeno. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Amesema mashine yenyewe imekufa. Lakini mahali pa kuweka kumbukumbu pengine pako hai, na projekti ingali humo. Yeye hawezi kupagusa, yeye ni wa simu. Kuna fundi Thika, mama mmoja anaitwa Apiyo, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini haraka. Maji yakikaa ndani yanaleta kutu, kila siku nafasi inapungua. Na Apiyo hafungui kumbukumbu za mtu bila mwenyewe kuwa hapo na neno lake la siri, asije akasaidia wezi.

Akasema: Kwa hivyo nenda na uongo mdogo iwezekanavyo. Hii ni yako kweli?

Nikamwambia ni ya mke wangu mdogo. Akadhani natania.

Jumamosi, 13 Septemba

Ciku alipiga simu asubuhi. Mama Njau alishika kabla yangu, akamwambia yote, yaani yote ambayo mimi nilimwambia. Nilikuwa mlangoni. Halafu nikasikia mtoto akilia kule ndani ya simu, sauti nyembamba.

Projekti ni ya Ngoliba. Nilikuwa sijui. Miezi minne amekuwa akienda huko kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuuliza wanawake vile wanakausha kunde ya kuweka mpaka kiangazi kiishe. Wanawake arobaini. Amewarekodi, sauti zao zote ziko kwa laptop. Anasimama mbele ya walimu Ijumaa tarehe kumi na tisa.

Kabla ya kukata alimwambia shosho yake: Mwambie guka asijilaumu.

Mama Njau amenipa huo ujumbe pamoja na chai.

Jumapili, 14 Septemba

Sikuenda kanisani. Nimesema ni goti.

Jumatatu, 15 Septemba

Amekuja. Amekonda. Nilitaka kusema karibu mke wangu, ikakataa kutoka. Yeye ndiye aliniambia: Niaje, guka. Mbona unakaa hivyo? Si wewe uliyeipiga, ni stima.

Nikaona nafasi. Nikamwambia kuna fundi Thika, Apiyo, anaokoa vitu vya ndani, twende leo leo.

Akasema: Wa nini, guka? Nimeuliza wasee, mafundi wa kompyuta. Stima ikipiga inachoma kila kitu, kumbukumbu na yote. Kama ingekuwa ni maji, hapo sawa, ungeweza kujaribu.

Alisema hivyo. Kama ingekuwa ni maji. Na alikuwa ananiangalia usoni, na macho yake ni ya shosho yake kabla hajaanza kunijua.

Mdomo wangu ulifunguka. Mama Njau akaingia na chapati, akisema kesho tunaenda wote ofisi ya stima Thika, walipe mtoto, hata Emmaculate atakuja na redio yake. Nikaufunga na chapati.

Tatu nimekula. Sikusikia ladha ya hata moja.

Jumanne, 16 Septemba

Naandika nikiwa Thika, kwa benchi ya ofisi ya watu wa stima. Daftari nimeliweka chini ya fomu, mtu akipita anaona mzee anajaza fomu.

Tumekuja watatu. Emmaculate aliahirisha, amesema redio ni nzito. Nafikiri aliniona usoni jana juu ya ua, akaona afadhali kukosa redio kuliko kuingia kwa uongo wangu. Mama Njau amevaa nguo ya kanisa na yuko katikati ya foleni akieleza watu vile stima ilikuja kama radi, ikapita ukutani, laptop ikalia. Laptop haikulia. Kila mara anapoeleza inalia zaidi. Watu wanatikisa vichwa. Mmoja amesema hata friji yake ilifanyiwa hivyo.

Ciku ana laptop kwa magoti, bado kwa mfuko wa unga.

Msichana wa dirishani aliuliza ni nani alikuwa nyumbani ilipotokea. Ciku akasema guka. Basi nimepewa fomu. Juu ni jina, namba ya kitambulisho, mahali unakaa. Hayo nimeandika vizuri: Ephantus Gachau, Kalimoni. Chini imeandikwa: Aliyeshuhudia aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Mistari minne. Chini ya mistari kuna onyo kwamba mtu akisema uongo anaweza kushtakiwa. Hiyo haikunitisha. Nimeshatishwa na watu wakubwa.

Kinachonitisha kiko ng'ambo ya barabara. Nimekaa hapa nusu saa kabla sijainua macho, na pale ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu, kuna kibao: Apiyo, Kuokoa Kumbukumbu za Kompyuta na Simu. Hatua mia moja na hamsini, na goti langu. Dirisha liko wazi. Kuna mwanamke ameinama kwa taa.

Siku sita tangu maji yaingie. Arobaini wako ndani ya huo mfuko wa unga, wanaeleza kunde, wanalowa.

Nikiandika stima, msichana atagonga muhuri, tutaenda nyumbani, Mama Njau atanishika bega tena, na Ciku ataitupa hii laptop. Nikiandika ile nyingine, atakuwa na nafasi ya kuvuka barabara. Na mimi sitakuwa guka, nitakuwa yule mzee wa gunia. Itafika Ruiru, itafika Juja, watu nisiowajua wataicheka. Hiyo naiweza, nimechekwa na watu wazuri. Nisiyemweza ni Ciku. Hajawahi kunitazama bila kucheka kidogo pembeni ya mdomo.

Ciku alisimama kwenda kutoa fotokopi ya kitambulisho changu. Aliniachia mfuko. Ni mwepesi.

Nimeanza mstari wa kwanza. Mwandiko wangu ni mkubwa, mistari minne ni kama miwili. Nimeandika: Mnamo Jumatano tarehe 10 Septemba, saa tatu asubuhi, mimi mwenyewe niliweka

Mama Njau ananiita kutoka kwa foleni nije niwaonyeshe watu vile laptop ililia. Nimejifanya sisikii, umri una faida.

Ciku amerudi. Ameketi karibu, bega lake kwa langu, ananuka sabuni ya Machakos. Anasoma fomu, anafuata na kidole. Kidole kimefika mwisho wa maneno kikasimama.

Anasema: Guka, hapa umeandika niliweka, halafu ukaacha. Uliweka nini?