Wambui wa Kaka Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua hadwea, duka letu la vifaa vya ujenzi, na Baba. Mvua, wateja wachache. Mwangi, dereva wetu, amepakia simiti kwenye lori la kanta bila kuniangalia. Nami sikumwangalia. Mwaka wa pili sasa tunapendana hivi, kama watu wasiojuana.
Kaka yangu Nikhil amefika saa nne, ametoka Gatitu kwa Wambui. Wana mtoto. Nyeri nzima inajua. Mama humnunulia mtoto nguo, halafu hunyamaza. Lakini mimi, binti wa Kihindi, nikitajwa pamoja na Mwafrika ni aibu ya ukoo mzima.
Namwonea wivu Nikhil. Na Wambui zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwona Wambui sokoni, kamshika mtoto mkono. Pua ya Nikhil kabisa. Amenisalimia vizuri. Sikuitika. Roho mbaya, najua. Amepata ninachokitaka.

Jumapili, 9 Machi
Baba ameambiwa. Mtu alituona jana Giakanja, nyumbani kwa mamake Mwangi. Nilidhani atanipiga. Ameuliza tu, "Wewe na dereva?" Kisha akaenda kula.

Jumatatu, 10 Machi
Polisi wamemchukua Mwangi. Eti Jumamosi mchana aliiba nyaya za umeme stoo. Uongo. Tulikuwa tunakula mukimo kwa mamake. Baba anajua. Nikhil anajua. Nimemwomba Nikhil akaseme kituoni.
"Usiniingize," akasema. Akachukua funguo za gari, akaenda Gatitu. Kwa mwanamke wake! Nimemchukia.

Jumanne, 11 Machi
Nimeenda kituoni, nikasema Jumamosi Mwangi alikuwa nami. Askari akacheka. "Wewe Muhindi, na huyu?"
"Ndiyo. Andika."
Mamake Mwangi akasema vilevile. Jioni wamemwachilia. Kazi hana tena. Mimi nyumba sina. Baba amekataa kunifungulia. Giakanja nimeogopa, polisi wasije wakamrudia Mwangi. Nimeenda kwa Wambui. Hakuuliza kitu. Amenitandikia kitanda.

Ijumaa, 14 Machi
Giza lilipoingia Nikhil akaja. Gari ameliacha mbali. Mtoto akaruka: "Anko amekuja!"
Nikamtazama Wambui: anko, si baba?
"Ndivyo alivyomfundisha," akasema. Akaendelea kumenya viazi. Nikhil hajawahi kutembea na Wambui mjini, hata mara moja.
Nikhil ameniambia nirudi, ati Baba amepoa.
"Na hawa, utarudi nao?"
Akatazama simu yake. Hakukaa sana.
Wivu sina tena. Nina hasira kidogo, na usingizi. Mwangi amepiga simu. Anakuja kunichukua kesho mchana. Nimemwambia tupitie katikati ya mji, kwa miguu.