Kozi Kumi na Mbili

Bondeni, Nakuru
14 Juni 2025

Kwa ndugu yangu mpendwa Kimutai,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa bwanangu Muturi na kwa watoto. Sisi hapa tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imetukamata vifua. Natumaini wewe, Cherop na Baba hamjambo huko Gilgil, na kwamba goti la Baba limepata nafuu. Utashangaa kuletewa barua siku hizi za simu. Wewe huongea na simu ukiwa umeiweka sauti ya juu, na Baba hakosi kuwa hapo karibu. Barua hawezi kuisoma. Basi isome kwanza peke yako, halafu utajua la kumwambia.

Mlisikia kwamba tangu Januari mimi ni mtahini wa mafundi wa mawe pale chuoni. Zamani fundi alipata cheti kimoja akazeeka nacho. Sasa kila baada ya muda anarudishwa darasani siku tatu, anafundishwa mambo mapya, kisha anajenga kona ya ukuta mbele ya mtahini ndipo kadi yake ifanywe upya. Asiye na kadi haruhusiwi kuingia kwenye mijengo mikubwa. Wanaume waliokula chumvi nyingi wananiita madam na kunishikia kamba. Mungu ni mwema.

Sasa sikia. Jumatatu hii nikiita majina ya waliomaliza darasa wakaja kujenga kona, nilifika kwa Kipngetich. Nikainua macho, nikamwona ni yule yule aliyesimamia mjengo wa bucha kule Kikopey, amenenepa na videvu vimekuwa viwili. Yeye hakunijua. Angenijuaje, na wakati ule nilikuwa shule ya bweni, na kadi ninayovaa shingoni imeandikwa Zeddy Muturi?

Unayajua yote aliyotutendea, lakini acha niyaandike, maana nimeyabeba miaka tisa bila kuyatua. Baba alijenga ukuta wa bucha ile ukasimama wima. Kipngetich akaleta watu wake wakautoboa dirisha kubwa bila kuweka linta, ile boriti ya zege ya kubeba mawe ya juu yake. Wiki ya tatu ukaanguka ukamvunja mkata nyama mguu. Ndipo akaja nyumbani na karatasi, akamwambia Baba kwamba hiyo ni fomu ya kumsajili kwa mtihani wa gredi ya ufundi, na kwamba atamlipia ada yeye mwenyewe. Baba alivyokuwa na hamu ya cheti, alitia kidole gumba akamnunulia soda. Kumbe alikuwa ametia kidole kwenye maneno yanayosema kuwa dirisha alilitoboa yeye kwa hiari yake.

Na lile la kozi ndilo huniuma zaidi. Walipokaa mbele ya chifu, mwenye bucha alimwuliza Baba amefanya kozi ngapi. Baba akajibu kwa fahari kwamba ni kumi na mbili. Kwa Baba kozi ni safu moja ya mawe, na ukuta ule ulikuwa na safu kumi na mbili. Wao walikuwa wanauliza masomo. Wakamwambia alete vyeti vyote kumi na viwili, na alipokosa hata kimoja wakamwita mzembe, tena mwongo. Kipngetich alikuwa amekaa pale, fundi anayejua maana zote mbili za neno hilo, akanyamaza. Tangu siku hiyo Gilgil nzima inamwita Baba Kozi Kumi na Mbili, na hakuna aliyempa hata kibanda cha kuku ajenge. Kanisa lilipojenga ukumbi, lilimwita abebe maji awapelekee vijana wenye kadi. Naye alienda.

Basi mwambie Baba kwamba Kipngetich ameanguka mtihani. Matokeo yalibandikwa Jumatano, na siku hiyo hiyo alizuiwa kuingia kwenye mjengo wa ghorofa nne aliokuwa akiusimamia hapa mjini. Mwambie kwamba binti yake ndiye aliyemwangusha. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Mwache naye auonje.

Kuanzia hapa usimsomee.

Kimutai, ukuta wa Kipngetich ulikuwa mzuri. Niliuwekea pima maji, nikauteremshia timazi kila upande, nikitafuta kosa hata la unene wa ukucha. Sikulipata. Nikaandika kwamba umeinama. Alikuwa amesahau miwani yake nyumbani, akaniomba nimsomee fomu kabla ya kutia sahihi. Nikamwambia ni fomu ya mahudhurio tu. Iliyokuwa mbele yake ilisema kwamba amekubali kuanguka na kwamba haombi mtahini mwingine aje kuupima ukuta huo tena. Akatia sahihi, akaniambia asante sana madam. Alipoondoka nikauvunja ukuta kwa nyundo, jiwe moja moja, kabla saruji haijashika. Sitakudanganya, nilisikia raha.

Juzi Alhamisi alirudi na miwani na nakala ya fomu. Nikafunga mlango wa ofisi, nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Nilitaka ajue mkono uliompiga umetoka nyumba gani. Aliketi bila kuambiwa. Akasema kwamba ukuta wa mzee Bethwel haukuwa na kasoro, kwamba dirisha alilitoboa yeye, na kwamba ile fomu ilikuwa hila yake. Akasema yuko tayari kuyaandika hayo yote, kutia sahihi mbele ya chifu, na kuyasoma kanisani Gilgil siku ya Jumapili, Baba akiwa ameketi hapo. Sharti lake ni moja, nami niandike ukweli wa ukuta wake.

Nikiandika, chuo kitanifukuza na sitatahini tena maisha yangu yote. Usidhani hilo ndilo lililonizuia. Mikono ninayo, na mwiko haujanishinda. Nilichoshindwa nacho ni kumwona yule mtu ameshika kadi yake tena, anaingia kwenye mjengo akiitwa bosi. Nilimwambia atoke.

Akaniambia atangoja mpaka mwisho wa mwezi. Nimejihoji siku mbili hizi, nimesali, na jibu ni lile lile. Nampenda Baba, lakini nimegundua kwamba Kipngetich namchukia kuliko ninavyompenda Baba, na hilo sikulijua mpaka nilipowekewa yote mawili mezani.

Nisalimie Cherop na majirani wote wanaoniulizia. Nimemtumia Baba sweta kwa mkono wa aliyekuletea barua hii, mwambie alivae asubuhi. Na akikuuliza, kama anavyotuuliza kila mara, iwapo amewahi kutokea mtu yeyote wa kusema ule ukuta ulikuwa sawa, mwambie hakuna.

Ni mimi dada yako,
Zeddy