Shamba Ulilonitunzia Ukingoni mwa Tana

Dada yangu mpendwa, uliyenilea,

Salamu zako zimenifikia. Mfanyabiashara wa Kipini, aliyekuja huku milimani na msafara wa nguo, alinikuta sokoni akaniuliza, "Wewe ndiye Saidi, mtu wa karibu na Ngao? Dada yako anataka kujua utarudi lini. Mgongo wake umechoka, na bado anakupandia, yeye na binti yake." Kisha akaenda zake kufungua mizigo yake, akaniacha nimesimama na kikapu cha viazi mkononi.

Sikujua, dada. Miaka yote hii nilidhani kipande changu kilikwisha kupewa mtu mwingine, kama ilivyo desturi yetu: maji ya mafuriko yakishuka na mtu asionekane na mbegu zake, msimu mmoja na tena wa pili, wazee humpa shamba lake mwenye mikono. Kumbe ulikuwa ukimaliza mpunga wako unahamia kwangu, ili jina langu lisifutike ukingoni. Sasa wazee wanataka jibu kabla mto haujajaa. Mwalimu anayekusomea barua hii aisome mbele yao pia. Nimeiandika ili isikike na wote.

Nakumbuka ulivyonifundisha kupanda. Maji yalipoanza kushuka mimi nilitaka kuingia topeni mara moja, nawe ukanishika mkono. "Weka kisigino kwanza," ulisema. "Kikizama, rudi nyumbani ukalale. Ardhi bado inakunywa." Nikalalamika kwamba majirani wamekwisha kuanza. Ukawatazama, ukacheka. "Waache. Wanawapandia kambare."

Kisha kijiji kikachomwa na wavamizi. Uliniingiza kwenye mtumbwi wa mjomba, wewe ukabaki na mama, ambaye hakuweza kutembea. Sikukuona tena. Huko Kipini, mtumbwi ulikotufikisha, nilijifunza kusoma, nikapenda vitabu kuliko biashara, lakini biashara ndiyo iliyonileta huku, nikiwa mwandishi wa msafara mmoja. Msafara ulirudi pwani. Mimi nilikuwa na homa, nikabaki.

Tana yetu huku ni changa. Wenyeji wanaiita Sagana, nayo inapita chini kabisa bondeni, juu ya mawe, maji yake yanauma vidole. Nilipopona niliomba mahali pa kulima, na bila kuuliza mtu nikasafisha ukingo wa mto, nikaketi kungoja mafuriko. Mvua ikanyesha. Watu wakapanda maharagwe na mahindi huko juu mlimani, mimi nimeketi tu. Mwanamke aliyebeba nduma, yale magimbi ya huku, mgongoni akasimama.

"Mgeni, unamngoja nani?"

"Naungoja mto."

Akawaita wenzake. "Njooni mumwone! Anangoja mto utoke huko uje kumlimia! Kaa hapo hapo, baba. Mto ukifika, utuite."

Mwanamke huyo ni Wambui, mke wangu. Kila mgeni anayekula kwetu lazima asimuliwe habari hii, na kila mwaka mto anaousimulia unazidi kuwa mbali na shamba.

Ungeupenda mji huu, ingawa ungelalamika baridi. Nilipofika palikuwa na boma la serikali na duka moja lililoezekwa nyasi. Sasa kuna safu ya maduka ya mabati ya Wahindi, kuna fundi cherehani, kuna msikiti mdogo tuliouezeka wenyewe. Siku ya soko wanawake huteremka kutoka kila mgongo wa kilima wakati ukungu bado umelala, na kabla hujawaona unawasikia wakicheka. Wanakuja na ndizi, njegere, viazi vikuu, na maharagwe ya rangi ambazo sijui hata majina yake. Udongo ni mwekundu, nao huingia kila mahali. Tangu nifike kanzu yangu haijawa nyeupe. Hapa hakuna aliyewahi kuniuliza nimekimbia nini. Huniuliza nimepanda nini msimu huu, na jibu likiwa zuri hunipa nafasi nikae karibu na moto. Baba mkwe alinigawia mteremko, nao unanilisha mimi na wanangu, ambao hawajawahi kuona mpunga ukiota.

Sitasema nimesahau. Kuna asubuhi natoka nje, mvua imekatika, na pua yangu inatafuta harufu ya tope la kwetu. Haipo. Nasimama kidogo, kisha nachukua jembe.

Nimefikiri tangu siku ile ya soko, na siwezi kukuacha uiname tena kwa ajili ya mtu asiyekuja. Dada, sirudi. Magoti yangu hayawezi safari ile, na hata yangeweza, nyumba yangu iko huku.

Kwa hiyo wazee wasikie kwa maneno yangu mwenyewe: kipande changu ni chako na binti yako kuanzia leo. Ng'oeni miti ya mpaka iliyo katikati, mlime kama shamba moja. Na maji yakishuka safari hii, wewe keti mahali pakavu. Binti yako ndiye aingie topeni. Akikosea, mcheke kwa sauti, kama ulivyokuwa ukinicheka mimi.

Ni mimi, mdogo wako uliyembeba mgongoni,

Saidi