Kitalu Kisichoota

Jumatano. Mvua ilianza jana alasiri na haijakatika. Ukungu umekaa juu ya migomba, nami nimejifungia na daftari hili kwa sababu sitaki kuongea na mtu. Hasa mama.

Miezi mitatu nimebeba maji. Kutoka kijitoni hadi kitaluni, asubuhi na jioni, debe begani, kiangazi chote. Nilijiwekea lengo moja tu: kuotesha miche ya kahawa, niwe na shamba langu, nisirudi kuchuma kahawa ya mzungu kama baba alivyofanya hadi kufa kwake. Sikuomba makubwa.

Jirani yangu Simbeye alipewa mbegu siku moja na mimi, kutoka mfuko uleule wa bwana shamba. Simbeye ni mvivu. Naandika hivyo kwa kuwa hatasoma. Jumapili baada ya ibada alinionyesha kitalu chake. Miche imesimama mistari kwa mistari, kila mmoja umebeba ganda la mbegu kichwani. Nilimpongeza huku roho inaniuma.

Kwangu, udongo mtupu.

Nilijidanganya kwa kila namna. Nikasema kwangu kuna baridi zaidi. Nikasema nilizifukia chini mno. Nimegundua kwamba tumaini halidai ushahidi, linadai kazi tu. Ukilipa debe la kubeba, linatulia.

Jana asubuhi nikafukua. Mbegu zilikuwa laini, nyeusi, zinanuka. Nikavaa shati la ibada niende Vwawa nikamwambie bwana shamba, mbele ya watu, kwamba alinipa mbegu mbovu. Mama akasimama mlangoni.

"Usiende kumwaibisha mtoto wa watu," akasema. "Nilizichemsha mimi."

Nikakumbuka. Siku ya kuloweka alinipokea kibuyu cha mbegu, akasema nimechoka, nimwachie yeye kazi hiyo. Alinieleza bila kulia. Shamba la baba lilikuwa zuri, kila apitaye barabarani alilisifu, ndipo mzungu akalitaka na kulichukua. Baba akaishia kuwa kibarua kwenye ardhi aliyoifyeka mwenyewe. Mama hakutaka kuyaona hayo mara ya pili.

Hilo ningeweza kulimeza. Lakini nikamuuliza mbona basi alibeba maji pamoja nami. Maana alibeba, kila jioni, mtungi kichwani, akiniambia nisikate tamaa, wiki ijayo zitachomoza.

"Kaka yako hakuwa na cha kungojea hapa," akasema. "Akavuka mpaka pale Tunduma, akaenda kwenye migodi ya shaba, na hadi leo sijui kama yu hai. Nilitaka wewe uwe na cha kungojea, mwanangu."

Kwa hiyo mimi nilikuwa mbuzi, na tumaini lilikuwa kamba.

Nimemkasirikia mama yangu, naandika wazi. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kamba ilifanya kazi. Mwaka huu vijana wenzangu kadhaa wamevuka mpaka, na mimi hata sikuwaza kwenda. Nilikuwa na kitalu. Nilikuwa na furaha, jamani, nikimwagilia mbegu zilizopikwa.

Leo mchana nilikwenda kwa Simbeye, nikameza aibu, akanipa konzi ya mbegu alizobakiza. Hakuniuliza kitu. Nitaziloweka mwenyewe, kwa maji baridi, na mama hatazigusa.

Kisha nikachukua jembe, nikatoka na mvua ileile, nikatengeneza tuta jipya. Mama alinitazama kutoka jikoni. Nililima kwa hasira mpaka nikamaliza, ndipo nikainua kichwa nikaona nilipo. Kile kitalu cha kwanza kilikuwa kando ya barabara. Hiki kiko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, mahali ambapo apitaye njiani hawezi kukiona.

Ni nani aliyenituma nilime huku?