Meza ya Muntu Mumoja

Katuba, Elisabethville, 1955

Yaya Donat,

Tuko buzima. Mahindi ya muke wangu Germaine imekomaa, na mimi nimepata ile karte ya bastaarabu, ile Bazungu banapatiaka muntu mweusi mwenye kuishi kizungu.

Mbele ya kunipa, Bazungu balikuja kuangalia kama tunaishi sawa bo benyewe. Balifurahia meza na uma. Mumoja akauliza: «Siku moja ungependa kuongoza inchi yenu?» Nikajibu mbio: «Hapana, Bwana. Sisi tungali batoto.»

Germaine alikuwa anabamiminia kahawa. Alisikia.

Tangu siku ile ananitandikia meza mimi peke yangu. Yeye na batoto banakula bukari ya mahindi chini, kwa mukono. Jana nilimubembeleza akuje tukule pamoja. Akajibu na heshima yote: «Batoto banakulaka chini, baba Annie.»

Usimusomee mama hii barua.

Mudogo wako,
Godefroid